Daftari la Waliochelewa

Kwetu na skuli tulipakana ukuta kwa ukuta.
Kengele ikigongwa, ringi bovu la gari na kipande cha nondo,
mimi bado natafuna muhogo,
na nikifika mstarini soksi zangu nyeupe pe.
Ndiyo maana walinifanya kiranja.
Ndiyo maana walinipa kalamu nyekundu.

Mize Shaame, kachelewa.
Mize Shaame, kachelewa.
Bakar Faki na mdogo wake, hawakuja.
Mize Shaame.

Safu ya mwisho ilikuwa ya sababu.
Niliandika: mvua.
Kisha nikachoka, nikawa natia vistari viwili,
masika yote, ukurasa mzima: kama hapo juu.

Mwezi wa nne, siku ya tatu Mize haonekani,
Mwalimu Hidaya akanituma nikamuulizie.
Nikaishuka njia anayoipanda yeye, kuelekea Mtambwe.
Udongo mwekundu ulinishika kwanza kisigino,
kisha ukanivua kiatu, ukakimeza
taratibu, kama mtu mzima
anavyomnyang'anya mtoto kisu.

Bonde limejaa. Mpunga umebaki ncha.
Daraja, magogo mawili ya mnazi:
moja limekwenda na maji,
la pili limeshikilia kwa upande mmoja tu.
Na Mize huyo anavuka, kanga ya mamaake kiunoni,
beseni kichwani, ndani yake sare na madaftari,
mgongoni mdogo wake kamng'ang'ania shingo.
Akaniona na kiatu kimoja. Hakucheka.
"Leo nimewahi?"
Ilikuwa saa nne.

Tokea hapo ile safu ikawa hainitoshi.
Nikawa naandika hata pembeni mwa karatasi:
*Gogo limebaki moja.*
*Kusi limekaza, sare haikukauka, kaivaa mbichi.*
Kaskazi, zamu ya mchana, njia inaunguza:
*wanaruka kutoka kivuli cha mkarafuu hadi kivuli cha mkarafuu,
na pasipo mti husimama kwanza, wakapima,
kisha mbio, malapa mikononi, eti yasikatike.*

Vuli, darasa zima lilichelewa.
Wingu lilitokea ghafla upande wa Piki,
karafuu zimeanikwa njia nzima na wenyewe wako mashamba.
Watoto wakatupa mikoba, wakaanua
majamvi ya watu wasiowajua hata majina,
ndipo mvua ikawanyeshea wao.
"Mikono!" akasema mwalimu, fimbo juu.
Mikono ikanyooka, arubaini na kitu.
Akasogea. Akanusa.
Akairudisha fimbo juu ya kabati, akafuta ubao
ambao haukuwa na kitu.

Mwishoni mwa mwaka akaja mkaguzi kutoka Wete.
Akafungua daftari, akavua miwani, akaivaa tena.
"Nani kaandika hadithi humu?
Sababu ni neno moja, kijana. Neno moja."

Nilifikiri sana. Hata leo nafikiri.
Kiatu changu cha kushoto kingali chini ya mpunga ule.