Mfuko wa Sumie

Sumie Chinen amerudi kutoka kwao Okinawa
na mfuko mmoja wa nguo, mmoja wa vyakula.
Wa nguo ulipotelea Amsterdam. Hakuujali.
Wa vyakula aliupakata ndegeni kama mtoto mwenye homa.

Jumapili, Swansea. Mvua inachapa dirisha la jiko,
hita ya gesi inakohoa, naye anapanga mezani
pakiti, mikebe, vijaluba, vibandiko
vyenye herufi kama nyayo za kuku mchangani.
"Anza na tamu," ananiambia. "Mwoga huanza na tamu."

Sukari ya kisiwa cha Tarama, nyeusi, mawe mawe.
Naivunja kwa jino. Haijayeyuka
nimeshaijua: sukari guru!
Ile tuliyofungiwa kwa gazeti dukani kwa Hirji,
tukaidokoa njiani,
tukafika nyumbani na nusu yake na uongo mzima.

Biskuti naiuliza kwa macho kabla ya mdomo.
Anacheka. "Za kawaida zina mafuta ya nguruwe.
Hizi nimezungukia maduka matatu. Mafuta ya mboga. Soma."
Nisome nini? Namwamini. Bismillahi.
Inavunjika vumbi, kama nankatai za Idi.

Jibini la soya, jekundu, lililolala miezi sita katika pombe,
hilo amemwekea Eirlys wa ghorofa ya chini,
ambaye hakualikwa; kaitwa na harufu ya samaki.

Maana samaki amefunguliwa.
Wa kisiwa cha Niijima, kakaushwa baada ya kulowekwa
katika maji ya chumvi yenye umri kuliko wetu sote.
Eirlys mlangoni, kiganja puani:
"Kuna bomba limepasuka?"
Nami, Mungu anisamehe, mate yananijaa.
Ng'onda! Ng'onda na papa mkavu,
uvundo ule ule niliouonea haya miaka tisa
katika nchi inayonukia dawa ya sakafu.

Umebaki mkebe mmoja.
Sumie anamimina siki, anakwangua tangawizi,
na ndani ya bakuli zinateleza nyuzi za kahawia,
nyembamba kama nywele za kichanga.
"Mozuku," anasema. "Mama yangu ndiye mkulima."
Mkulima wa nini?
"Wa mwani."

Nikaweka vijiti chini.

Mama yangu naye.
Bi Kazija wa Bwejuu, maji magotini,
akifunga vishada kwenye kamba, kigingi hadi kigingi,
bamvua likimwachia saa tatu tu,
akiuanika juu ya makuti, akiuuza kwa kilo
kwa mtu wa lori aliyetaja bei bila kumtazama.
Miaka ishirini na miwili. Viatu vyangu vya shule vilikuwa mwani.
Nilimwuliza siku moja, unapelekwa wapi?
"Ulaya. Wanatilia katika dawa ya meno."
Hauliwi?
"Unaliwa, ukiwa na njaa ya kula kamba ya kuanikia nguo."

Nikaonja.
Siki kwanza. Halafu utelezi: mlenda, nikasema,
mlenda uliohamia baharini.
Halafu, pole pole, nyuma ya ulimi,
harufu ya khanga za mama akirudi,
ile tuliyoikimbia tukimwambia: kaoge kwanza.

Eirlys kaketi bila kukaribishwa, kijiko mkononi.
"Bibi yangu aliuokota Penclawdd," anasema,
"akauchemsha mpaka ukawa matope. Tukala asubuhi."
Akachota tena.

Nikapiga simu, ya kuonana.
Mama, nimekula mwani.
Kimya. Jogoo wa jirani akawika nyuma yake.
"Umefukuzwa kazi?"

Nikaigeuza simu. Sumie akainamisha kichwa,
akanyanyua bakuli aonekane nalo.
Mama akasogeza uso hadi likabaki jicho moja tu,
akamtazama yeye, akatazama bakuli, kwa muda,
kama anayekagua mzigo.

"Mwatima," akasema. "Muulize huyo.
Mama yake, kilo moja, wanampa ngapi?"