Kalunde Afuta Mwaka

Isevya, saa nane mchana, bati linalia kwa jua,
nasahihisha Kiingereza cha kidato cha pili.
Kalunde kaandika kwa penseli, herufi zimelalia kushoto,
kwamba mama amekwenda Mpanda mwaka juzi.

Kwetu hapana kosa. Hata karani wa stesheni
husema treni imeingia jana, na hakuna anayeshtuka.
Lakini Kiingereza kina wivu na kalenda:
ukikitajia jana, ukikitajia mwaka,
kinafunga mlango na kutia komeo.
Sema alikwenda. Basi.

Nikapiga mstari mwekundu chini ya kitenzi.

Akaja na daftari mezani.
"Mwalimu, nikiandika alikwenda,
si ndiyo kusema yamekwisha?
Blanketi lake hatujalikunja.
Treni ya Mpanda ikipiga honi
bibi huongeza unga kwenye sufuria."

Nilitaka kumweleza habari ya tangu,
na ya bado, ambayo nayo huchagua kitenzi chake.
Chaki ilikuwa imebaki kama ukucha,
na maneno yangu pia.

Hakungoja. Akaazima kifutio cha Mihayo,
kitenzi akakiacha palepale kilipo,
akafuta mwaka juzi, taratibu,
akafuta, akafuta,
hadi karatasi ikatoboka.

Mama amekwenda Mpanda.

Nikapuliza vumbi la kifutio.
Sentensi ni sahihi, sina la kuongeza.
Nikaweka vema
kando ya lile tundu.