Sakitu

Mwezi wa saba, viazi vya mama vimeungua shambani.
Bulongwa nzima inalaani sakitu.
Mjomba Yeriko Tweve anavua ndala,
anakanyaga, anasikiliza nyasi zikivunjika.

Misimu kumi na minne alilipwa
kukimbia juu ya maji yaliyoganda,
gongo mkononi, kisahani cheusi mbele yake,
huko Ufini alikolelewa na muuguzi wa misheni.
Mabao mia na tisa.
Meno manne hakurudi nayo.
Goti la kushoto limegoma kukunja;
kanisani wenzake wakipiga magoti, yeye husimama
kama aliyechelewa.

Hapa nani ayajue hayo?
Wanamwita Mfini, wanamuuliza bei ya pareto.
Nilimwomba anisimulie bao la mwisho.
Akacheka, pengo likaonekana:
“Bao silikumbuki. Nakumbuka sauti ya chuma,
kama mtu anachana kanga mpya.”

Nyuma ya zizi, dimbwi la ng’ombe
limeshika utando mwembamba.
Akaligusa kwa fimbo, taratibu,
likalia kidogo, likapasuka.

Mama aliita chai mara tatu.
Alikuja imepoa,
miguu imelowa,
ndala bado mkononi.