Anza Chini

Usiku kucha tawi linakwaruza bati,
kwaru, kwaru, kama mgeni asiyejua kupiga hodi.
Mama anageuka kitandani: "Nani huyo?"
"Mjohoro, mama."
"Mwambie mlango hatujakaza komeo."

Asubuhi natoa zana za baba uvunguni:
msumeno wa upinde ulioota kutu,
panga lililoliwa na tupa hadi likawa jembamba kama kisu.
Kamba nimenunua Kirumba kwa wavuvi;
nimeifua mara mbili, bado inanuka dagaa.
Kwa Minza naomba mafuta ya kula, kijiko kimoja,
naupaka msumeno meno na mgongo.
"Unaukaanga?" ananiuliza.

Nyumba yetu ya Bugarika imekalia jiwe,
mjohoro nao umepenya ufa wa jiwe hilo hilo,
miaka arobaini vinasukumana bila kelele.
Ngazi haina pa kukita.
Mguu mmoja juu ya jiwe,
wa pili juu ya matofali na gunia la mchanga,
na juu ya gunia, Minza,
maana Minza, Mungu amzidishie, ni mzito
na hana mzaha akishakaa.
Kamba nimeipitisha kwenye panda ya juu,
mwisho wake uko mikononi mwake.

Korongo wawili wananitazama nikipanda,
wale wa mwaloni, wenye shingo za wazee wadai madeni,
kisha wanaondoka, wameniachia chokaa yao kila jani.

Baba alisema:
tawi la juu halikatwi kama mkate.
Anza chini. Lichanje tumbo, robo tu.
Ndipo upande mgongoni, mbele kidogo,
ushuke taratibu,
lianguke kwa uzito wake lisiondoke na gome.
Kigutu kinachobaki ukikate mwisho,
na usiguse ule mkunjo wa shingo:
hapo ndipo mti hujifungia kidonda.

Yeye mwenyewe alisahau mara moja.
Kovu hili hapa, nalipapasa kwa kiganja,
ulimi mrefu wa gome uliochanika
hadi kiunoni mwa mti.
Mwaka ule ule alisimama mlangoni
akamwambia kaka yangu Magembe, "Toka.
Sikujui."
Pigo moja. Kutoka juu.
Tuliobaki tukachanika pamoja na gome.

Basi naanza chini.
Vumbi la mti linaniingia machoni,
mkono unatetemeka, naupumzisha, naurudisha.
Msumeno unaimba kwa pua.
Nahamia mgongoni. Moja, mbili, hamsini, sijui,
halafu sauti ndogo, kama mtu anayevunja vidole,
na tawi lote linainamisha kichwa,
linakaa hewani kwa kamba,
juu ya bati, bila kuligusa.
"Nishushe?" "Shusha."
Minza analishusha kama anayelaza mtoto.

Palipokuwa na majani pana tundu la mwanga,
na ndani ya tundu, katikati ya mawe mawili
na tangi la maji la jirani,
kipande cha ziwa, kidogo kama ncha ya kanga.
Miaka yote hii lilikuwa hapo.

Jioni kuni zimepangwa ukutani,
Minza amechukua zake, na mafuta yake nimemrudishia.
Usiku bati limenyamaza.
Saa nane mama anakaa kitandani.
"Mbona kimya? Aliyekuwa anabisha
amechoka, ameondoka?"

Nashindwa kujibu.
Kulipokucha nikatafuta namba
niliyoiandika nyuma ya kalenda, nikaipiga.
Ikaita sana.
"Nani?" Sauti ya baba, ila imelegea kingo.

Sikumuuliza atarudi lini.
Sikutaja kaburi, wala mlango, wala mama.
Nilisema, "Ni mimi, Milembe.
Huko Nansio, mvua zimeshaanza?"