Sina

Kazini naandika neno moja tu: ghala.
Gunia, kilo, unyevu, namba ya stakabadhi,
ghala. Neno lenye milango miwili ya chuma,
kufuli la Kichina, mlinzi anayekoroma
na ubao barabarani unaomwambia kila apitaye Kitangari
mali imelala wapi.

Nyumbani sijui hata maneno ni mangapi.

Somoe ana kibindo kiunoni, na katika pembe ya kanga
fundo gumu kama gego;
hulifungua kwa meno, ameipa nyumba kisogo.
Ana kibubu cha mninga, alichokipigilia misumari
siku ile ile kilipotoka kwa seremala.
Ana uchaga juu ya mafiga, moshi ndiye bawabu:
mbegu ya mahindi imening'inia nyeusi
na asiyejua atasema ni masizi.
Kihenge cha uani ni cha kutazamwa na wageni,
hukiacha nusu, ili wakope nusu ya nusu.
Kilichojaa ni pipa, lipo uvunguni mwa mama yake;
pale Bi Nalinga amelaza mguu wake mbovu,
na nani atamwambia mgonjwa, hebu sogea?

Vitenzi navyo vina madaraja.
Cha leo mpaka kesho, huweka.
Cha mwezi, hulimbika. Sarafu, hudunduliza.
Udongo ukihusika, hufukia.
Nikihusika mimi, husitiri,
kwani kuficha, asema, ni kwa ajili ya mwizi,
kusitiri ni kwa ajili ya mume.

Na kote, kwenye makopa, kunde, njugumawe,
hutia pilipili kavu tatu.
Fukusi hawapendi jirani mkali.

Lakini stoo yake kubwa kupita zote
ni ya herufi nne: sina.
Haina mlango, haina dari.
Zamoyoni akija na bakuli: sina, shoga.
Fundi baiskeli: sina.
Mimi, Jumamosi, nimepiga pasi shati: sina, baba Dadi.
Miaka kumi na moja nililisikia neno tupu.
Kumbe limejaa mpaka pomoni.

Mwaka ule malipo ya korosho yalikwama.
Mnada wa kwanza, wa pili, benki inasema kesho;
mimi karani nikawa mtu wa vichochoroni,
nikiwakwepa wakulima
wenye mwandiko wangu mikononi.
Januari mashamba kijani, vyungu vyeupe.
Watu wakaingia porini kuchimba ming'oko,
akiba ambayo hakuna aliyeiweka,
na ardhi nayo, ukiiomba kwa mdomo, husema sina,
mpaka ulete jembe.

Wiki hiyo Somoe alilifungua neno lake.
Yakatoka makopa. Zikatoka kunde.
Kibubu akakivunja kwa mchi, mapigo mawili:
ada ya Dadi, dawa ya mguu,
na noti moja kwa Zamoyoni
aliyeambiwa sina mara sabini.
Sikuuliza. Nilikula, kichwa chini.

Kwa sababu na mimi nilikuwa na langu, moja.
Laki mbili za kangomba, alizonilipa Mchopa
mikorosho yetu ikiwa bado na maua,
ndani ya soksi, ndani ya buti, darini upande wa popo.
Sikulipa hata jina. Kitu kisicho na jina,
niliwaza, hakitafutwi.

Usiku nikapanda juu ya kiti, magoti yananicheza,
niishushe, niiweke mezani, niseme lolote.
Nikahesabu kwa mwanga wa simu.
Zilikuwa zote. Hakuna hata noti iliyopungua.
Na katikati ya noti,
zimekauka, za msimu uliopita,
pilipili tatu.