Mwimo wa Mlango

Jumamosi, saa tatu asubuhi, Anse-Bourdon.
Mtaa mkuu ni mmoja, na mwisho wake unauona
kabla hujazima gari: benki iliyogeuka mkahawa,
sinema isiyo na paa, kanisa jeupe, daraja la chuma,
na chini ya daraja maji meusi kama chai ya jana,
yasiyojua kama yanakwenda au yanarudi.

Nimekuja na anwani ya mdomo tu.
Duka la vyuma, alisema baba, ukitoka kanisani
mkono wa kushoto, dari la bati lenye maua.
Alisema mara moja, hospitalini Port Arthur,
miaka arobaini ya moshi wa mafuta kifuani.
Kifaransa chake hakutugawia.
Kilimtoka tu nyundo ilipomkosa msumari
ikampata kidole gumba;
ndiyo maana urithi wetu mzima, sisi wanawe,
ni matusi matatu, na hata hayo
hatujui yanamtukana nani.

Dari lipo. Maua ya bati yamepakwa rangi mara nyingi
hadi petali zimenenepa.
Misumari inauzwa kwa ratili,
na kando ya misumari, ndani ya sufuria la umeme,
soseji za wali zinatoka jasho.
Bi Odalie Arceneaux hainuki. Ananitazama pua,
kisha masikio, kama karani anayekagua hundi.
"Wewe wa Curley," asema. Si swali.

Ananipeleka kwenye mwimo wa mlango wa nyuma.
Watoto wa mtaa wako hapo kwa penseli, na miaka yao:
Ovide. Théolice. Ulysse, aliyerefuka
kwa msimu mmoja kama bamia.
Na juu ya wote, mstari mnene wa makaa:
Maji, 1927.
"Huyo ndiye mtoto wetu aliyekua upesi," asema.
"Siku tatu tu, akatupita sote."

Nasoma nikipanda, nikishuka.
Hadi mwaka fulani wote ni Ovide na Théolice;
kisha, kama mtu amefungua dirisha,
wanaingia Jimmy, Betty, Dolly.
"Dolly ni nani?"
Anafuta mikono kwenye aproni, mikono mikavu.

Siku ya kwanza ya shule, asema,
niliomba ruhusa ya kwenda chooni
kwa lugha niliyokuwa nayo. Nyingine sikuwa nayo.
Mwalimu alinisubirisha mpaka sakafu ikajibu.
Jina langu nalo hakuliweza, au hakulitaka.
Baba mwenyewe ndiye aliyeandika Dolly hapa,
ili nizoee.
Usiku nikarudi na msumari.

Nainama. Chini ya Dolly, kweli,
mbao imechanwa kwa herufi za hasira:
O D A L
na hapo msumari ulichoka,
au aliitwa kula.

Curley yuko juu kidogo ya kiuno changu.
Miaka tisa. Naweka kiganja kwenye mstari wake
kama unavyomwekea kichwani mtoto
asiyejua bado ni kiwanda gani kitamla.
Bi Odalie anajifanya anatafuta penseli.
Penseli iko sikioni mwake.

"Simama. Visigino nyuma. Sha, usidanganye, shusha kidevu."
Sha. Baba aliwaita hivyo paka tu.
Ncha inakwaruza juu ya nywele zangu.
"Jina?"
Namtajia lile la kwenye leseni.
Haandiki. Anasubiri.
Nje linapita lori la kamba wa matope, magunia yakichuruzika,
na harufu yake inaingia dukani, inatoka.
Namtajia lile jingine, la ubatizo,
ambalo tangu bibi afe hakuna aliyelihitaji.
Azélie. Analiandika polepole,
alama juu ya e anaikandamiza hadi mbao inalia.

Kisha anaweka vidole
kati ya kichwa changu na makaa.
"Vinne," asema. "Maji bado yamekuzidi.
Kahawa utakunywa?"