Ritifaa

Saa mbili na robo asubuhi, zahanati, Nizwa.
Bi Thuwaiba Mng'aro ametaja jina lake mara ya tatu
na mara ya tatu kompyuta imeanguka kifudifudi.
Badriya wa mapokezi akanipigia simu: "Shuka,
bibi yenu huyu ana jina linalovunja mashine."

Bibi ameketi wima, mkoba mapajani.
"Jina hili nimelivaa miaka sabini na sita," akaniambia,
"halijavunja hata kikombe."

Badriya akanong'ona: "Tuifute tu hiyo alama.
Kidoa kama mguu wa nzi."
Nikakataa. Ng'oa si ngoa.
Moja ni kazi ya daktari wa meno, chumba namba nne;
ya pili ni wivu, na dawa yake hapa hatuna.

Juu, nikafungua msimbo.
Ulizo limeshonwa kwa viraka:
chagua wagonjwa, unga jina,
unga mji kama upo, unga tarehe kama ipo,
na jina limebanwa kati ya ritifaa mbili.
Ritifaa ya bibi ikafunga mlango kabla hajaingia mwili mzima:
Mng ndani, aro nje,
na aro, iliyobaki barazani,
seva ikaisoma kuwa ni amri.

Hakuna amri iitwayo aro. Seva ikaanguka. Bahati yetu.
Maana angeweza kuja mwingine, asiyeumwa na goti,
akaandika katika kisanduku kile kile cha jina
ritifaa moja, kisha maneno yake:
nipe wote.
Futa jedwali.
Na seva, mtiifu wa sarufi, ingeitika: labeka.

Nikamlaani aliyeandika.
Nikamtafuta kwenye kumbukumbu za marekebisho:
Zuwena binti Amour, Ramadhani ya mwaka juzi,
dakika tisa kabla ya futari.
Mimi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
hivyo tulifunzwa, na mimi nilimpa siku ya kwanza,
mlangoni, bila kumuuliza atokako.
Mgeni huyu, hata akikaa miaka, hapewi jembe.
Aketi. Anywe kahawa. Halimi, hakati, ghala hafungui.

Nilipokuwa na miaka sita, Birkat al-Mauz,
babu alinichapa kwa kuosha miguu
pale juu ya falaji wanapochota ya kunywa.
"Maji ni yale yale," alisema, "mahali si pale pale."
Nililia. Sikuelewa mpaka leo.

Nikaandika upya.
Penye jina nikaweka alama ya kuuliza: kiti kitupu.
Penye mji, kiti, mji ukitajwa;
usipotajwa, hata kiti hakitolewi.
Ulizo litangulie peke yake, lisomwe, lieleweke, lifungwe.
Ndipo majina yafuate kwa mfereji wao
na kila moja likae, na ritifaa zake zote,
likiwa jina tu.

Kupanga orodha ndiko kulikonitesa.
Safu haikubali kukalishwa kitini.
Basi nikaziorodhesha kwa mkono wangu, nne:
tarehe, jina, mji, daktari.
Atakayetaka ya tano atapangiwa kwa tarehe
na asiulize.

Adhuhuri. Bibi hajaondoka;
amemaliza bakuli la halwa ya watu wa mapokezi.
Badriya akachapa herufi moja moja, kama anayekanyaga mawe ya moto.
Skrini ikasita.
Kisha: Thuwaiba Mng'aro, mzaliwa wa Ng'ambo, goti la kushoto.
Ritifaa mbili, na mashine imesimama.

"Lisome," akasema bibi.
"Mun-garo."
"Hapana. Pua, mwanangu. Litoe puani."
Badriya akacheka, akashika pua,
akajaribu tena.